Mchezaji Wako Akishtakiwa: Namna ya Kumweka Kando Bila Kumhukumu

Jumapili ya Desemba 17, 2017, Harambee Stars na Zanzibar Heroes walitoka sare ya 2-2 katika fainali ya Kombe la CECAFA kwenye uwanja wa Kenyatta mjini Machakos. Mikwaju ya penalti ilipopigwa, kipa Patrick Matasi akapangua mitatu na Kenya ikatwaa kombe. Machi 2025, Shirikisho la Kandanda Kenya, FKF, lilimsimamisha kipa huyo huyo kwa siku 90 ili kupisha uchunguzi, baada ya video iliyomhusisha na tuhuma za upangaji matokeo kusambaa mitandaoni. Wakati huo hapakuwa na shtaka lolote dhidi yake mahakamani.

Uamuzi ule ulikuwa na mambo mawili ambayo klabu zetu nyingi huyasahau: ulitaja muda, na ulieleza sababu yake kuwa ni kupisha uchunguzi. Lakini FKF ina mawakili na ina kanuni za FIFA za kuegemea. Klabu ya Tala, Masii au Athi River ina mwenyekiti mwenye duka la vifaa vya ujenzi, katibu ambaye ni mwalimu, kocha anayelipwa wadhamini wakikumbuka, na kundi la WhatsApp lisilolala. Habari kwamba straika amekamatwa ikiingia usiku, na kesho kuna mechi, uamuzi hutolewa kwa hasira au kwa hofu ya kupoteza pointi tatu. Nawaandikia viongozi hao, pamoja na wachezaji wanaoweza kujikuta upande wa pili wa meza.

Msimamo wangu ni huu. Kumweka mchezaji kando anapokabiliwa na shtaka zito ni haki, mradi iwe kinga na isiwe adhabu. Kinga inamlinda mlalamishi, mashahidi, wachezaji wenzake na klabu, na mara nyingi inamlinda mchezaji mwenyewe dhidi ya mashabiki wa uwanja wa ugenini. Adhabu ni kazi ya hakimu. Kifungu cha 50 cha Katiba kinasema mshtakiwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo, na hakuna kiongozi wa klabu aliyepewa mamlaka ya kukiruka. Kama hatua yenu ni kinga au ni adhabu, itaonekana kwenye mshahara, kwenye tarehe na kwenye maneno ya barua, hata mkijieleza vipi katika mahojiano.

Andikeni kanuni kabla jina halijajulikana

Kanuni inayoandikwa baada ya mtu kukamatwa huwa imeandikwa juu ya mtu huyo. Akiwa mfungaji bora inalegezwa. Akiwa mchezaji wa akiba inakazwa. Wakati wa kuiandika ni Januari au Julai, msimu ukiwa umetulia, na ikishapitishwa iingizwe katika mkataba wa kila mchezaji na kila kocha. Nasema kocha kwa makusudi, kwa sababu kocha wa akademia anayeshtakiwa ni hatari kubwa kuliko beki yeyote.

Swali la kwanza ni: shtaka gani? Ligi ya raga ya Australia, NRL, ilitoa jibu lake mwaka 2019. Mchezaji akishtakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 11 au zaidi, anaondoka uwanjani moja kwa moja, hakuna anayejadili kama ana hatia, na mshahara wake unaendelea. Makosa mepesi zaidi yaliachiwa wasimamizi wayapime. Jack de Belin wa klabu ya St George Illawarra alikuwa ameshtakiwa Desemba 2018, kabla ya kanuni kuandikwa, akaipinga mahakamani. Alishindwa Mei 2019. NRL iliweza kugharamia kesi ya namna hiyo. Klabu ya kaunti haiwezi, na hiyo ni sababu nyingine ya kuandika mapema.

Tukichukua kigezo cha miaka na kukileta Kenya, tukiweka tuseme miaka 10, kitanasa mengi. Ubakaji adhabu yake ya chini ni miaka 10. Kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 hakupungui miaka 20, na wa miaka 16 hadi 18 hakupungui 15. Wizi wa mabavu adhabu yake ni kifo. Kutishia kuua kunaweza kumfikisha mtu miaka 10. Lakini kushambulia na kusababisha madhara ya mwili, shtaka ambalo kwa kawaida hufunguliwa mwanamume anapompiga mkewe hadi akapelekwa hospitali, kikomo chake ni miaka mitano. Maana yake, klabu inayotegemea idadi ya miaka peke yake itamweka kando aliyetamka vitisho na kumwacha acheze aliyepiga. Kanuni nzuri kwa hiyo ina milango miwili. Mmoja ni uzito wa adhabu. Wa pili ni aina ya kosa: ukatili wowote dhidi ya mwenzi, dhidi ya mtoto, au dhidi ya mtu wa ndani ya klabu, hata kama kifungo chake ni kifupi. Shtaka likipita mlango wowote kati ya hiyo, mchezaji anakaa kando. Mengine yote, kama ugomvi wa baa, deni, au kosa la barabarani lisiloumiza mtu, yaende kwa kamati ya watu watatu.

Watatu hao wachaguliwe mapema na kocha asiwe mmoja wao. Kocha anataka kushinda Jumamosi, na si haki kumbebesha uamuzi huu. Kukipatikana wakili wa hapa mjini aliye tayari kujitolea, pamoja na mwanamke mmoja asiyekuwa jamaa wa kiongozi yeyote, hapo mmepata kamati. Mdhamini pia asikae humo.

Upangaji matokeo uandikiwe kifungu chake. Kosa hilo ni la mchezo kabla ya kuwa la polisi, na shirikisho lina mamlaka ya kusimamisha mtu bila kusubiri mashtaka, kama lilivyofanya kwa Matasi. Kazi ya klabu hapo ni kutii muda uliotajwa na kusaidia uchunguzi.

Siku ya habari

Jambo la kwanza ni kutofautisha kukamatwa na kushtakiwa. Watu hukamatwa Ijumaa na kuachiliwa Jumatatu bila kosa lolote kuandikwa. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya kazi inayofuata ikiwa saa hizo zimeishia nje ya saa za mahakama. Kwa hiyo hamtasubiri sana. Kabla ya hapo klabu inaweza kumpumzisha mchezaji mechi moja kwa sababu iliyo wazi: yuko seli. Hilo halihitaji barua wala tangazo.

Mtumeni mtu mmoja mahakamani siku ya kusomewa mashtaka. Kesi za jinai husikilizwa hadharani, isipokuwa hakimu aamue vinginevyo, kama inavyotokea kesi inapohusu mtoto. Mtu huyo asiende kupiga picha wala kujaza viti kwa jezi za klabu. Ukumbi uliojaa wachezaji wenye rangi za timu ni tishio kwa mlalamishi, hata kama kila mmoja wao amekaa kimya. Anachotafuta ni mambo manne: namba ya kesi, sehemu ya sheria iliyotajwa katika hati ya mashtaka, masharti ya dhamana, na tarehe ya kutajwa tena. Msitegemee blogu wala yule jamaa anayesema ana rafiki kituoni. Nakala ya hati ya mashtaka mshtakiwa mwenyewe anayo, au wakili wake.

Masharti ya dhamana yasomeni kwa makini kwa sababu wakati mwingine yanamaliza mjadala. Hakimu akimkataza mchezaji kumkaribia mlalamishi, na mlalamishi ni mtaalamu wa viungo wa timu au dada wa mchezaji mwenzake anayefika mazoezini kila jioni, uwanja umefungwa tayari. Akiamriwa aripoti kituoni kila wiki, angalieni ratiba ya safari za Mombasa na Kisumu. Kinyume chake nacho kipo: mahakama ya Afrika Kusini ilimlegezea mwanariadha Oscar Pistorius masharti Machi 2013 ili aweze kusafiri kwenda kushindana nje, akiwa anasubiri kesi ya mauaji. Hakimu kumruhusu mtu asafiri hakumaanishi klabu au mwandalizi wa mbio analazimika kumpa namba ya kifuani. Mahakama hujiuliza kama mshtakiwa atarudi kwenye kesi na kama ataingilia mashahidi. Swali la klabu ni pana kuliko hayo.

Kumsikiliza, na kile ambacho hampaswi kumuuliza

Sehemu ya 41 ya Sheria ya Ajira ya 2007 inadai mfanyakazi asikilizwe kabla ya kufutwa kazi kwa utovu wa nidhamu, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama anayemtaka. Kuwekwa kando si kufutwa, ila tumieni utaratibu huo huo. Ni wa heshima na utawaokoa baadaye. Mwiteni kwa maandishi, mpeni siku mbili au tatu, mwambieni anaweza kuja na mwenzake au na mwakilishi wa chama cha wachezaji, KEFWA. Mkutano ufanyike kwa lugha anayoimudu. Vijana wengi wa Kathiani na Mwala husaini mikataba ya Kiingereza ambayo hakuna aliyewafafanulia, na siku ya matatizo ndiyo siku mbaya zaidi ya kuanza kuielewa.

Hapa ndipo viongozi wenye nia njema huharibu mambo. Wanamkalisha kijana na kumwambia, “Sisi ni wazazi wako hapa, tuambie ukweli, ulifanya au hukufanya?” Msiulize. Katiba inampa mshtakiwa haki ya kutotoa ushahidi wa kujitia hatiani, na maneno atakayowaambia hayana kinga yoyote: mwenyekiti na katibu wanaweza kuitwa kizimbani kueleza walichosikia, na kumbukumbu za kikao zikageuka kielelezo. Mkimuuliza akakana, mtaanza kumtetea hadharani. Akikiri, mtakuwa mashahidi. Kuna maswali yanayofaa. Shtaka ni lipi? Masharti ya dhamana ni yapi? Je, kuna mtu yeyote katika klabu anayehusika na kesi kama mlalamishi au shahidi? Una wakili? Nyumbani hali ikoje, na unalala wapi? Swali la mwisho lisichukuliwe kama adabu tu. Aliyeshtakiwa kwa kumpiga mwenzi wake na bado analala nyumba moja naye anahitaji mahali pengine pa kulala usiku huo huo, na klabu inaweza kumtafutia chumba.

Mwanariadha Samuel Wanjiru, bingwa wa Olimpiki wa marathoni mwaka 2008, alishtakiwa Desemba 2010 kwa kutishia kumuua mkewe na kwa kumiliki bunduki kinyume cha sheria. Mkewe aliondoa malalamiko yake mapema 2011. Mnamo Mei 15 mwaka huo huo Wanjiru alifariki nyumbani kwake Nyahururu, akiwa na umri wa miaka 24. Siwezi kusema nini kingebadilisha mwisho ule. Ninachoona ni kwamba mwanariadha wa marathoni hana klabu ya kumwita mezani, hana katibu wa kumwandikia, na familia ikishapatana watu hurudi kuzungumzia mbio zijazo. Machakos imetoa wakimbiaji wa ngazi hiyo: Patrick Makau aliyeweka rekodi ya dunia ya 2:03:38 kule Berlin mwaka 2011, na Cosmas Ndeti aliyeshinda Boston mara tatu mfululizo, 1993 hadi 1995. Kwa mwanariadha anayejitegemea, kanuni hii iandikwe katika mkataba wake na meneja na katika masharti ya kambi anakofanyia mazoezi, kwa sababu hakuna pahali pengine pa kuiweka.

Barua

Iwe fupi. Maneno kama haya yanatosha:

“Kwa kuwa umeshtakiwa katika kesi namba (…) kwa kosa lililotajwa katika kanuni ya klabu uliyosaini, utakaa nje ya mechi na mazoezi ya timu kuanzia tarehe (…). Hatua hii si adhabu na klabu haijaamua lolote kuhusu hatia yako. Mshahara wako wa msingi utaendelea kulipwa. Hatua hii itaangaliwa upya tarehe (…) au mapema zaidi kesi ikibadilika. Katika kipindi hiki usiwasiliane na (…). Unaweza kukata rufaa kwa (…) ndani ya siku (…).”

Msiandike “kwa kuichafua klabu”. Msiandike “kwa utovu wa nidhamu”. Mkitumia maneno hayo mmeshamhukumu, na wakili wake atayasoma kwa sauti mbele ya Mahakama ya Ajira na Leba. Msiandike pia “hadi kesi itakapokamilika” bila tarehe nyingine yoyote. Katika mahakama zetu hayo yanaweza kuwa maisha yote ya mwanasoka.

Mshahara ndio mtihani

Manchester City walimsimamisha mchezaji wao Benjamin Mendy aliposhtakiwa Agosti 2021, na kuanzia Septemba wakakata mshahara wake. Mwaka 2023 aliondolewa mashtaka yote ya ubakaji. Akadai zaidi ya pauni milioni 11, na Novemba 2024 jopo la ajira la Uingereza likaamua alistahili sehemu kubwa ya pesa hizo. Muda aliokuwa rumande klabu ilikuwa na haki ya kutomlipa, kwa kuwa hakuweza kufika kazini. Muda aliokuwa nje kwa dhamana, akiwa tayari kucheza lakini amezuiwa na klabu na shirikisho, ulikuwa wa kulipwa.

Mgawanyo huo wa rumande na dhamana unalingana vizuri na sheria yetu. Sheria ya Ajira, sehemu ya 44, inataja miongoni mwa sababu za kumfuta mtu mara moja kwamba amekamatwa kwa kosa la kifungo na ndani ya siku 14 hajaachiliwa kwa dhamana au kwa njia nyingine halali. Aliyetoka kwa dhamana siku ya tatu hamna sababu hiyo juu yake. Na hata siku 14 zikipita, bado mnatakiwa kumsikiliza kabla ya kumfuta. Mkiruka hatua hiyo, mahakama inaweza kuwaamuru mumlipe hadi mishahara ya miezi 12.

Kuna watakaouliza kuhusu nusu mshahara, kwa sababu ndivyo Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Makosa ya Kiuchumi ya 2003 inavyofanya kwa afisa wa umma aliyeshtakiwa. Ile ni sheria ya Bunge kwa watumishi wa umma na kwa makosa ya ufisadi. Klabu ya kibinafsi haiwezi kuikopa kwa kusema tu “serikali pia hufanya hivyo”. Timu za majeshi na polisi zina taratibu za huduma zao, na wachezaji wao wasome hizo.

Nashauri mshahara wa msingi wote ulipwe, na marupurupu ya mechi na ya ushindi yasilipwe kwa kuwa hakucheza. Najua malalamiko yatakayofuata: tunalipaje mtu asiyefunga mabao, na hata hao wanaocheza hatujawalipa miezi miwili? Jibu ni kwamba kinga ina gharama, na gharama hiyo ndiyo inayowazuia kuitumia ovyo. Klabu isiyomlipa mtu yeyote mshahara na inayotoa nauli tu, impe angalau nauli ya kwenda mahakamani. Mchezaji anayekosa tarehe ya kesi kwa kukosa nauli hutolewa hati ya kukamatwa, na dhamana yake hupotea.

Mazoezi nayo yapangiwe njia. Ikiwa mlalamishi hana uhusiano na klabu, kocha wa viungo anaweza kumpa ratiba ya kukimbia peke yake asubuhi. Ikiwa shtaka linahusu mtoto, asikanyage uwanja wowote ambapo akademia inafanya mazoezi, hata akiwa peke yake, hata kwa dakika kumi za kuchukua viatu.

Mlalamishi

Februari 2018 wachezaji wawili wa raga wa Kenya Harlequin walituhumiwa kumbaka mwanamke Nairobi. Agosti 2019 mahakama ya Milimani iliwafunga miaka 15 kila mmoja. Baadaye Mahakama Kuu ikabatilisha uamuzi huo na kuamuru kesi isikilizwe upya, na Februari 2022 mmoja wao akakamatwa kwa tuhuma za kupanga kumuua shahidi. Kesi haimaliziki siku ya hukumu ya kwanza, na mlalamishi anaishi na hofu hiyo muda wote.

Kwa hiyo kiongozi wa klabu asimpigie simu. Asimtume shangazi, mchungaji wala mzee wa kijiji. Katika Ukambani, kama kwingineko nchini, bado wapo wanaotaka kesi ya unajisi iishe kwa mbuzi na bahasha, na klabu yenye straika wa maana ndiyo yenye haraka ya kuchanga. Sheria ya Makosa ya Ngono imeweka uamuzi wa kusitisha kesi kama hiyo mikononi mwa serikali. Familia haina uwezo wa kuifuta. Anayechanga pesa za kuinyamazisha anaweza kujikuta yeye mwenyewe kizimbani. Kama mlalamishi ni mtu wa klabu, mteueni mwanamke mmoja wa kumsikiliza, aendelee na kazi yake au mazoezi yake bila kupunguziwa chochote, na ratiba ibadilike upande wa mshtakiwa. Nimeona mara nyingi mno msichana ndiye anayeambiwa apumzike kwanza mambo yatulie.

Mshtakiwa akiwa hajafika miaka 18, jina lake lisitajwe popote. Sheria ya Watoto ya 2022 inalinda faragha yake, na tangazo la klabu kwenye Facebook linaweza kuivunja ndani ya dakika moja.

Mtakachosema hadharani

Mtu mmoja azungumze, na aseme sentensi tatu: tunafahamu kuhusu shtaka, mchezaji atakaa nje kwa mujibu wa kanuni yetu na hatua hii haisemi lolote kuhusu hatia, hatutazungumza zaidi kwa kuwa kesi iko mahakamani. Musyi FM wakipiga simu, wapewe hizo hizo tatu kwa Kikamba. “Tunasimama na kijana wetu” isitamkwe, na “klabu yetu haivumilii wabakaji” isitamkwe pia. Ya kwanza inamwambia mlalamishi kwamba kijiji kizima kimeshaamua. Ya pili inaweza kuwaletea kesi ya kuchafua jina. Wachezaji waambiwe hivyo hivyo kuhusu hadhi zao za WhatsApp.

Kuangalia upya, na kumrudisha

Jack de Belin alikosa misimu miwili, 2019 na 2020, akilipwa. Kesi yake ilisikilizwa mara mbili na mara zote mbili jopo la wananchi likashindwa kukubaliana kwa mashtaka makuu. Mei 2021 mashtaka yaliyobaki yakaondolewa, akarudi uwanjani. Kwa mchezaji wa Kenya, misimu miwili ni karibu nusu ya miaka yake mizuri. Ndiyo maana tarehe ya kuangalia upya ni sehemu ya haki yenyewe. Siku 90 ni kipimo kizuri. Kamati ikutane, hata kwa simu, iulize: shtaka limebadilishwa? Mlalamishi na mashahidi wakuu wameshatoa ushahidi? Mchezaji ametii masharti? Nani anachelewesha kesi? Mashahidi wakishamaliza na ucheleweshaji unatoka upande wa mashtaka, kamati inaweza kumruhusu arudi mazoezini kabla ya mechi. Shtaka la kumdhuru mtoto silipi nafasi hiyo. Mtu huyo abaki nje hadi mwisho, na klabu iendelee kubeba gharama.

Kesi ikiisha, someni imeishaje. Ikiwa mshtakiwa aliachiliwa chini ya sehemu ya 87(a) ya Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai, upande wa mashtaka umeondoa kesi, na sheria hiyo inaruhusu ashtakiwe tena kwa jambo lile lile. Kinga inakoma, kwa kuwa shtaka halipo tena, ila barua ya kumrudisha iseme kanuni itatumika upya shtaka likirudi. Ikiwa ni sehemu ya 210, mahakama iliona hana kesi ya kujibu. Ikiwa ni 215, alijitetea na hakimu akamwachilia. Katika hizo mbili hakuna mjadala: arudi siku hiyo hiyo, bila “kipindi cha majaribio” na bila kumwomba aombe radhi.

Akipatikana na hatia, hapo ndipo nidhamu ya klabu inapoanza, na adhabu itolewe mara moja tu. NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, ilimpa mchezaji Ray Rice, aliyempiga mchumba wake, adhabu ya mechi mbili mwaka 2014, kisha video ya tukio ikatoka na hasira za umma zikapanda, ikamfungia bila kikomo kwa kosa lile lile. Novemba mwaka huo msuluhishi akaibatilisha adhabu ya pili. Adhabu iwe na mwisho unaotajwa. Cosmas Ndeti alifungiwa miezi mitatu baada ya kupatikana na dawa iliyokatazwa katika mashindano ya dunia ya chipukizi mwaka 1988. Alitumikia miezi yake, akarudi, na miaka mitano baadaye akashinda Boston.

Mchezaji asiyeridhika aanze na rufaa ya ndani ya klabu na ya shirikisho. Uamuzi wa shirikisho unaweza kufika kwenye Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013. Mambo ya mshahara na mkataba yanakwenda Mahakama ya Ajira na Leba. Ahesabu miaka mitatu tangu siku aliyofutwa. Mahakama ya Rufaa iliamua mwaka 2016 kwamba saa hiyo haisimami kungoja kesi ya jinai imalizike, na wengi wamepoteza haki zao wakisubiri hakimu amalize kwanza.

Kuna jambo moja la karatasi ambalo katibu alishughulikie mwanzoni kabisa, siku ile ile ya barua ya kwanza. Asiliondoe jina la mchezaji kwenye orodha ya usajili ili kupata nafasi ya mtu mwingine. Dirisha la usajili likifungwa, aliyeachiliwa huru Machi atakaa nje hadi msimu ujao ingawa hana kesi. Na siku ya kumrudisha, barua yake ipelekwe kwa kila aliyepokea ile ya kwanza: shirikisho, mdhamini, redio, wachezaji, na lile kundi la WhatsApp.